Barua kwa Shangazi Kuhusu Nyota za Wamarekani

Shangazi,

Huku Washington baridi ya asubuhi inatufanya tukumbuke nyumbani. Uliniagiza nikuletee habari za maduka ya vitambaa. Nimeyapita, bei zake hazisemeki, basi tuyaache. Nilichokutana nacho kinahusu kazi yako zaidi ya majora yote ya huku: bendera. Wewe uliyewashonea bendera watu wa shule na wenye majahazi utanielewa upesi kuliko wenyeji wangu, ambao wameizoea ya kwao hadi hawaitazami tena.

Ile ya nyota na mistari tunaijua wote. Ambalo sikuwahi kulitilia maanani ni kwamba imebadilishwa mara 26. Hii ya nyota 50 ni ya 27. Nchi ilikuwa ikinenepa, na bendera kila mara ikifumuliwa mshono kama gauni la mwari. Na kwa miaka mingi sana waliokuwa wakiamua nyota zake zikae vipi hawakuwa marais wala wabunge. Walikuwa mafundi. Ndiyo maana nikasema habari hizi ni zako.

Nilianzia Baltimore, mji wa bandari usio mbali na Washington kwa treni. Katika mtaa wa Pratt kuna nyumba ya matofali iliyojengwa mwaka 1793, na hapo ndipo alipoishi Mary Pickersgill, mjane, fundi bendera, mtoto wa fundi bendera. Mama yake, Rebecca Young, alikuwa akifanya kazi hiyohiyo Philadelphia. Leo nyumba ni makumbusho. Mwaka 1813 Wamarekani walikuwa vitani na Waingereza, na Meja George Armistead, mkuu wa ngome ya McHenry inayolinda mdomo wa bandari, akataka bendera kubwa kiasi kwamba Waingereza wasikose kuiona kwa mbali. Oda ikaenda kwa Mary: futi 30 kwenda juu, futi 42 kwenda mbele. Kila nyota futi mbili toka ncha hadi ncha. Juu ya hiyo, nyingine ya futi 17 kwa 25, ya siku za dhoruba.

Sasa sikiliza shida ya fundi. Kitambaa cha sufu cha bendera kilikuja kikiwa na upana wa inchi 18, na kila mstari ulitakiwa ukaribie inchi 24. Kwa hiyo hata kabla ya kuunganisha mstari na mstari, kila mmoja peke yake ulikuwa na kiungo chake, na mistari ni 15. Hakuna cherehani, ni sindano na kidole. Nyota zilikatwa kwa pamba. Na ile sufu, shangazi, ilifumwa Uingereza! Bendera ya kumkomesha adui imeshonwa kwa kitambaa cha adui. Wafanyabiashara hawajawahi kuwa na vita.

Nyumba haikutosha kuitandaza. Wakaomba sakafu ya kiwanda cha bia cha jirani, wakahamia huko. Binti yake Caroline, akiwa mtu mzima, aliandika kwamba mama yake alikuwa akikaa pale chini akishona hadi saa sita za usiku. Walisaidiana na wapwa zake, na pia na Grace Wisher, msichana mweusi aliyewekwa kwa Mary kwa mkataba wa utumishi ili ajifunze kazi za nyumbani na ushonaji. Kwa miaka mingi kisa kilisimuliwa bila Grace. Sasa anatajwa, ingawa kinachojulikana juu yake hakijai ukurasa mmoja. Malipo yalikuwa dola 405 na senti 90 kwa ile kubwa, na dola 168 na senti 54 kwa ndogo. Hesabu ziliandikwa hadi senti ya mwisho. Fundi mwenzio hakuwa wa kupunjwa.

Uani kwa pale wamejenga ukuta wa vioo vya rangi, ukubwa uleule wa ile bendera. Nilisimama chini yake nikainua shingo. Ukisoma futi 30 kwa 42 kwenye karatasi, akili inapita tu. Ukisimama hapo unajiuliza walikuwa wakigeuzaje kitambaa kile kupiga pindo upande wa pili bila kukikanyaga.

Kutoka hapo nikaenda ngomeni. Kila mtu anayesoma historia ya Marekani anajua kilichotokea Septemba 1814: meli za Waingereza zilipiga mizinga kwa muda wa saa 25, na kulipokucha tarehe 14 bendera kubwa ya Mary ikapandishwa. Wakili mmoja, Francis Scott Key, alikuwa melini upande wa pili wa mambo, akaiona, akaandika shairi. Mwaka 1931 shairi hilo likatangazwa rasmi kuwa wimbo wa taifa. Siku hizi askari wa hifadhi wa ngome wanayo nakala ya ukubwa kamili, nao huwaita wageni waisaidie kuifungua na kuikunja. Tukapangwa safu mbili tukitazamana, wazee, watoto, familia ya Wahindi, mimi na kanzu yangu, kila mtu kashika pindo lake, amri ikiwa moja tu: isiguse chini. Upepo ulipoingia kwa chini mikono yote ikavutwa mara moja. Hapo nikaelewa kwa nini hii hupandishwa upepo ukiwa wa kiasi tu. Ukizidi wanaweka ndogo.

Umeona lakini, shangazi, nimesema mistari 15? Ya leo ina 13. Hapa ndipo penye utamu.

Juni 14 mwaka 1777 wajumbe wa makoloni 13 yaliyoasi walipitisha azimio fupi: mistari 13 myekundu na myeupe, na nyota 13 nyeupe kwenye bluu. Basi. Nyota zikae duara au mraba, ziwe na ncha tano au sita, hawakusema. Baadaye Vermont ikajiunga mwaka 1791, na Kentucky mwaka 1792. Bunge likasema haya, tuwe waungwana, kila mgeni apewe nyota na mstari. Sheria ikapita mwaka 1794, bendera ikawa ya nyota 15 na mistari 15, na hiyo ndiyo Mary aliyoishona.

Ila wageni hawakukoma. Tennessee, Ohio, Louisiana, Indiana, Mississippi. Kufikia mwisho wa 1817 majimbo yalikuwa 20 na bendera bado ya 15. Hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kugusa. Piga hesabu ya fundi: bendera ya futi tatu kwenda juu ina inchi 36. Ukiipa mistari 50, kila mmoja haufiki hata robo tatu ya inchi. Ukisimama ng'ambo ya barabara huoni mistari tena, unaona shuka la rangi ya waridi.

Aliyelishika jambo hili bungeni ni Peter Wendover wa New York, naye akaomba ushauri kwa nahodha wa meli, Samuel Chester Reid. Nahodha alijua kinachohitajika baharini ni bendera itambulike kwa mbali. Likapatikana wazo ambalo mimi nalihesabu kuwa la busara kuliko yote katika kisa hiki: mistari irudi 13 na ifungwe hapohapo milele, kwa ajili ya waasisi, nyota ndizo ziongezeke. Sheria ya Aprili 4 mwaka 1818 ikaongeza kwamba jimbo likiingia, nyota yake itawekwa Julai 4 inayofuata. Kwa hiyo ule wimbo wao wa taifa unaisifu bendera ambayo sheria iliiweka kando miaka minne tu baada ya shairi kuandikwa. Wakiimba mpirani na mikono vifuani, sidhani kama wengi wanalijua hilo.

Ile kanuni ya Julai 4 ilileta vituko vyake. Mwaka 1889 na 1890 majimbo yaliingia kwa mkupuo: Dakota mbili, Montana, Washington. Wenye viwanda vya bendera wakahesabu 38 na manne, wakakata nyota 42, wakashona, wakajaza maghala. Idaho ikaingia Julai 3, siku moja kabla. Bendera halali ya kesho yake ikawa ya nyota 43, na zile za 42 hazikuwahi kuwa rasmi hata siku moja. Wiki moja baadaye, Julai 10, Wyoming nayo hiyo. Kwa hiyo ya 43 nayo ilipewa mwaka mmoja tu wa kuishi. Nilipolisoma nilikukumbuka wewe na zile sare za shule zilizobadilishwa rangi dakika ya mwisho, na maneno uliyoyasema siku ile ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Na mpangilio? Sheria ya 1818 nayo haikuugusa. Fundi mmoja aliziweka nyota safu kwa safu, mwingine akachora duara ndani ya duara, mwingine akazikusanya zote zikaunda nyota moja kubwa. Wote halali. Bendera mbili za nchi moja, mwaka mmoja, hazifanani, na hakuna aliyekamatwa. Hali hiyo ilidumu hadi 1912, Rais Taft alipotoa amri kwamba nyota 48 zikae safu sita za nane nane, ncha moja ikitazama juu, na vipimo vikaandikwa. Tangu 1777 hadi hapo ni miaka 135 ya uhuru wa mafundi. Najua serikali lazima iwe na vipimo, lakini nilizitazama picha za zile za zamani nikasikitika. Zilikuwa na mkono wa mtu.

Mkono wa watu nimeuona Washington pia, kwenye makumbusho ya historia ya taifa, ilipolazwa ile bendera yenyewe ya Mary. Unaingia chumba chenye giza, taa hafifu kabisa ili rangi zisizidi kupauka, na picha hairuhusiwi. Imelazwa mteremko kidogo nyuma ya kioo, kwa sababu haiwezi tena kuning'inia. Ilikuwa futi 42, sasa ni 34. Hizo futi nane hazikuchukuliwa na mizinga. Jamaa wa Armistead walikaa nayo miaka na miaka, wakawa wanawakatia wageni na wanajeshi wakongwe vipande vya ukumbusho. Hata nyota moja imekatwa, na hakuna ajuaye iliko. Mwaka 1914 fundi Amelia Fowler na wenzake waliishonea bitana ya kitani kwa mishono ipatayo milioni 1.7. Halafu mwishoni mwa karne wahifadhi wakaona bitana ile inaiumiza, wakaikata mishono yote, mmoja mmoja. Milioni moja na laki saba! Nikasema shangazi angekuwepo hapa angeomba kiti.

Philadelphia nilipita haraka. Kuna nyumba ya Betsy Ross katika mtaa wa Arch, foleni ya watoto wa shule nje, kila mmoja kafundishwa kwamba huyo mama ndiye aliyeshona ya kwanza baada ya George Washington kumtembelea. Alikuwa fundi kweli, na bendera alishona kweli. Lakini kile kisa cha Washington kilitolewa hadharani na mjukuu wake mwaka 1870, karibu miaka mia baadaye, na ushahidi wa wakati ule haupo. Mwenye karatasi mkononi ni Francis Hopkinson, mmoja wa waliotia saini tangazo la uhuru: mwaka 1780 aliiandikia serikali akidai ameisanifu bendera, na akaomba alipwe kasiki ya mvinyo. Hawakumpa. Ya leo nayo ina msimulizi wake. Robert Heft wa Ohio alisimulia hadi kufa kwake kwamba aliisanifu ya nyota 50 akiwa mwanafunzi, kazi ya shule, mwalimu akampa alama ya wastani. Wapo waliochunguza wakakitilia shaka kisa hicho pia. Inaelekea kila bendera hudai mzazi, na asipokuwepo hutafutwa.

Na sisi Unguja tumo humu ndani kidogo. Richard Waters wa Salem, konseli wa kwanza wa Marekani kwetu, alifika Machi 1837, zama za Seyyid Said. Kwa sheria yao bendera aliyoipandisha ilipaswa kuwa na nyota 25, maana Arkansas ilikuwa imeshawekwa. Miezi minne mbele, Julai 4, ilitakiwa 26 kwa ajili ya Michigan. Na meli toka Salem huchukua miezi njiani! Kama mtu wa Forodhani angekuwa na muda wa kuhesabu, huenda angekuta konseli yuko nyuma kwa jimbo zima. Lakini watu walikuwa wanahesabu majora ya merikani yaliyoshushwa na meli hizohizo, na ndiyo hesabu yenye faida.

Nimejaribu kulinganisha na kwetu. Mwaka 1964 tulikuwa wawili tu, ikatosha kulaza mstari mweusi mshazari wenye dhahabu kandokando, kijani juu na bluu ya Zanzibar chini. Hatukuweka cha kuhesabiwa. Mwaka 2012 ikazaliwa mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, ikafuata Songwe mwaka 2016, na hakuna fundi aliyeamshwa usiku. Wakongo walijaribu: bendera yao ya uhuru mwaka 1960 ilikuwa na nyota ndogo sita, moja kwa kila jimbo. Kidogo tu majimbo yakakatwakatwa, na kwenye bendera ya 1963 zile ndogo sita hazimo, imebaki nyota moja kubwa. Ukiamua bendera ihesabu, ujue utakuwa mtumwa wa hesabu.

Wamarekani wamekubali utumwa huo, na umewahi kuwagharimu. Mwaka 1861 majimbo ya kusini yalipojitoa, wapo waliotaka nyota zao zing'olewe. Februari 22 mwaka ule Lincoln, akiwa njiani kwenda kuapishwa, alisimama Philadelphia akapandisha bendera mpya ya nyota 34, na majimbo saba tayari yalikuwa yamejitangazia kutoka. Hakuruhusu iondolewe hata moja, vita nzima. Kwa macho yake mtoto aliyekasirika akatoka nyumbani bado ni mtoto wa nyumbani. Zaidi ya hapo ikaongezwa: West Virginia ikakatwa kutoka ubavuni mwa Virginia ikapewa nyota yake 1863, na mama yake bado yumo vitani akipigana na wenye bendera.

Lakini si kila nyota iliingia kwa shangwe. Ya Oklahoma ilishonwa 1908. Mwaka 1905 makabila ya wenyeji wa asili waliosukumiwa huko waliomba jimbo lao wenyewe, Sequoyah, wakaandika na katiba; Bunge likakataa, likawaunganisha na walowezi. Ya Hawaii ndiyo ya 50: malkia wao Liliuokalani alipinduliwa 1893, visiwa vikatwaliwa 1898, nyota ikaja Julai 4 mwaka 1960, na mara ya kwanza ilipandishwa palepale ngome ya McHenry usiku wa manane. Sisi watu wa visiwani tunajua kwamba kushonwa ndani ya bendera ya mtu kuna namna zake. Nilimgusia mwenyeji wangu, akanyamaza kidogo, akaniongeza chai.

Halafu wapo wasio na nyota kabisa, na mimi nalala katikati yao. Watu wa Washington, mji mkuu wenyewe, ni kama laki saba, kuliko Wyoming nzima, na hawana mbunge mwenye kura wala seneta. Vibao vya magari yao vimeandikwa lalamiko hilo la kutozwa kodi bila uwakilishi. Kila ukikaa nyuma ya teksi unalisoma. Mwaka 2016 walipiga kura, wakaitaka hadhi ya jimbo kwa wingi mkubwa. Mwaka 2019 mji ukatundika bendera za nyota 51 kando ya barabara ya Pennsylvania, inayotoka ikulu kwenda bungeni, ili wabunge wazipite wakienda kazini. Nadhani wengi wa waliozipita hawakugundua tofauti.

Nami nisingegundua kama nisingejua kuhesabu safu. Ya sasa ina safu tisa, sita kisha tano kisha sita, hadi zitimie 50. Ya 51 ina safu sita tu: tisa, nane, tisa, nane, tisa, nane. Imekaa vizuri kuliko nilivyotegemea. Puerto Rico nao wakiingia itakuwa 52, na hapo sijui utaipangaje bila kuifanya ionekane imepinda. Keti na penseli yako unitumie mchoro. Usiku tunakaa mezani tukibishana, na mume wa mwenyeji wangu anang'ang'ania duara.

Nisalimie wote hapo barazani. Zile sindano namba 14 za cherehani nimezipata, pakiti mbili, na mkasi ule wa zigizaga bado naulizia bei.

Mwanao,
Salma